Hiace ya magulio, paneli za nyumbani na friji ya insulini: tuanzie wapi?

"Fundi habari za kazi. Mimi na mke wangu tuna Hiace, ile ndefu ya dizeli, tumetoa viti vya nyuma tukaweka kitanda na makabati, tunazunguka nayo magulioni, Newala, Tandahimba, Masasi, saa nyingine mpaka Ruangwa, tunauza vitenge na madera na usiku tunalala humo humo. Shida yetu umeme. Mke wangu anachoma insulini kwahiyo tunahitaji friji, afu feni maana usiku joto, taa, kuchaji simu na spika ya kutangazia. Nina paneli mbili za wati 330 zilikuwa kwenye nyumba ya marehemu mzee hapa Mtwara, siku hizi umeme wa TANESCO umefika hazitumiki. Kuna fundi kasema atazibandika juu ya paa kwa silikoni, azilaze kuelekea mashariki, aunge na kontrola ya PWM ya ampia 20 ambayo pia ninayo, moja kwa moja kwenye betri ya gari, afu inveta ya wati 1000 iendeshe friji ndogo ya nyumbani. Anasema kwa wati 660 hata pasi tutapiga. Mimi wasiwasi wangu ni paa, litabeba? Litavuja? Nitoboe au nisitoboe?"

Kaka habari nzuri tu, poleni na mizunguko, na shemeji umpe salamu.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Unaogopa paa, na mimi nakwambia paa ndo sehemu rahisi kuliko zote kwenye hii kazi. Mambo ya kukutia wasiwasi yako ndani ya gari, kwenye betri, kwenye waya na kwenye hiyo friji, na wewe hujayauliza. Kwahiyo nitakujibu la paa, ila naomba univumilie nianze na friji, maana kwako friji siyo ya soda. Kila kitu kingine kwenye hilo gari kikizima mtalala gizani na joto, basi, kesho mnaendelea na biashara. Friji ikizima ni dawa ya mtu.

Friji ya nyumbani na inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, achana nayo. Najua inaonekana rahisi kwasababu pengine friji mnayo tayari, lakini angalia inavyokula. Ile kompresa ya friji ya nyumbani ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye lebo, ni sekunde tu lakini inveta ya bei ndogo hapo ndo inapolia na kuzima, na friji inajaribu tena, inazima tena, usiku kucha. Halafu inveta yenyewe ikiwa imewashwa tu, hata kama hamna kitu kimechomekwa, inakula, nyingi zinakula wati 10 mpaka 20. Wati 15 kwa masaa 24 ni wati-saa 360, yaani inveta inashiba kabla friji haijaonja. Nunua friji ya volti 12 ya kompresa, zile za boksi zinazofunguliwa kwa juu, imetengenezwa kwa ajili ya gari, inavumilia kutikiswa na ukifunua mfuniko baridi haimwagiki chini kama ile ya mlango wa mbele. Bei yake siyo ndogo, sikufichi, ila ndo itakupunguzia gharama ya betri na paneli. Angalia tu usije ukauziwa yale maboksi ya feni yasiyo na kompresa, muuzaji atakwambia "inapoza na kupasha", ile kwa joto letu haifiki baridi ya dawa na inakula umeme muda wote bila kupumzika.

Sasa tupige hesabu ya siku moja, chukua kalamu. Friji ya namna hiyo inavuta kama wati 45 hivi ikiwa inazunguka, kwa joto la Mtwara chukulia inazunguka karibu nusu ya siku, tuweke wati-saa 480. Feni ya wati 25 masaa 8 ni 200. Taa za LED 40, simu nne 60, spika ya wati 20 masaa manne 80. Jumla 860. Hiyo 860 iandike mahali, ndo namba ya kukuongoza kununua kila kitu. Pasi haimo na haitakuwemo, kwasababu pasi ya wati 1000 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampia 80, waya wake unene wa kidole, na mnauza vitenge vipya, pasi ya nini? Ikibidi sana ya mkaa ipo.

Upande wa paneli, lazima nikusahihishe kuhusu hizo wati 660. Kwanza sidhani kama zinaenea. Paneli ya 330 ya aina ile ya nyumbani ina urefu wa karibu mita 2 na upana wa karibu mita 1, kilo zaidi ya 20. Hiace yako upana wote, ukipima nje, ni kama mita 1.7, na paa linapinda pembeni. Ukizilaza mbili ubavu kwa ubavu zinapita nje pande zote mbili, matawi ya njia za vijijini yatazichukua moja moja. Ukizipanga mbele na nyuma unataka karibu mita 4, paa hilo halina. Kapime mwenyewe kwa futi kamba lakini mimi nina uhakika utaweka moja tu. Na moja inakutosha, tatizo ni hiyo kontrola, kile kiboksi kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri.

Hapa naomba usome taratibu maana ndo watu wengi wanapoliwa hela zao. Paneli yako ya nyumbani, kama ni ile ya seli 72, yaani vile vipande 72 unavyoviona chini ya kioo, ikifanya kazi vizuri inatoa volti 37 hivi na ampia karibu 9. Zidisha, unapata zile 330. Betri yako ni ya volti 12, ikichaji inakaa 13 na kitu. Kontrola ya PWM ni kama swichi ya haraka tu, inaiunga paneli na betri pamoja, na zikishaungwa paneli inaburuzwa mpaka kwenye volti ya betri. Zile ampia 9 zinabaki 9, lakini volti zimeshuka kutoka 37 mpaka 13.5, zidisha tena: wati 120. Yaani umebeba paneli ya 330 juu ya gari, uzito wote na upepo wote, unavuna kama paneli ya 120. Hamna kitu kimeharibika, hamna moshi, taa ya kontrola inawaka kijani kabisa, wewe unashangaa tu mbona friji inazima saa 10 usiku. Kontrola ya MPPT yenyewe inazipokea zile volti 37 inazibadilisha ziwe ampia, kwa paneli yako utaona inaingiza kwenye betri mpaka ampia 20 na zaidi jua likiwa kali. Chukua ya ampia 30 inayopokea angalau volti 100 upande wa paneli. Na uwe makini, MPPT feki zimejaa, imeandikwa MPPT juu ya boksi ndani ni PWM ile ile. Dalili yake ni uzito, ya kweli ina koili ndani na bati la kupozea mgongoni, ni nzito mkononi, ile feki nyepesi kama rimoti.

Je 330 moja inalipa ile 860? Paneli kwenye lebo imepimwa seli zikiwa na nyuzi 25. Juu ya paa la Hiace saa 7 mchana seli zinafika nyuzi 65, na kila nyuzi moja inayoongezeka inakata kama asilimia 0.35 mpaka 0.4, kwahiyo joto peke yake limechukua karibu asilimia 15. Weka vumbi, weka waya, weka kulala bapa, mimi napigia asilimia 70 ya kilichoandikwa. 330 mara 0.7 mara masaa 5 ya jua la maana ni kama wati-saa 1,150. Inatosha na chenji inabaki. Siku ya mawingu mazito utapata theluthi yake au chini ya hapo, siku nyingine nusu. Mvua zetu zinakuja kuanzia mwezi wa 11 au wa 12 mpaka wa 4, na nyie mwezi wa 11 mko kwenye msimu wa korosho, watu wana hela, hamuwezi kukaa nyumbani kusubiri jua. Hilo nitalirudia kwenye alteneta, ile dinamo ya injini inayochaji betri ya gari.

Kulaza paneli kuelekea mashariki hapana. Gari siyo nyumba, leo umepaki hivi kesho vile, hiyo mashariki yake ataifuata nani? Na sisi huku tuko nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 20 mwezi wa 10 na tena kama tarehe 21 au 22 mwezi wa pili. Mwezi wa 6 ndo linaegemea kaskazini sana, na hata hapo paneli iliyolala bapa inapoteza kama asilimia 17 tu saa za mchana. Ilale bapa, mwinuko kidogo sana wa kushusha maji ya mvua, basi.

Haya, paa. Silikoni ya bafuni usithubutu, na hapa naongea kwa aibu kidogo kwasababu kazi yangu ya kwanza kabisa ya paneli juu ya gari niliifanya kwa silikoni. Ilishika vizuri, nikaivuta kwa mikono miwili haikutikisika, nikajipongeza. Wiki ya tatu tuko njiani kwenda Lindi, Mikindani tumeshaiacha nyuma, nasikia paa linagonga kama mtu anabisha hodi, nasimama nashuka nakuta paneli imeinuka mbele yote, imebaki inashikiliwa na waya wake wenyewe na kipande cha gundi nyuma. Ingeng'oka ikampata mtu wa bodaboda leo nisingekuwa naandika hapa. Kumbe upepo siyo wa kuchezea: ukitembea kilomita 80 kwa saa unasukuma kwa nguvu ya kilo 30 hivi kwa kila mita mraba moja, ukifika 100 inakaribia kilo 50, na paneli yako ni mita mraba karibu 2. Tena ukiingia chini yake unainyanyua kama bawa. Ongeza mtikisiko wa vile vipande vya barabara ya vumbi, ongeza joto la mchana na baridi ya usiku, chuma kinatanuka kivyake, alumini kivyake, silikoni laini inachoka inaachia pembeni kimya kimya.

Kutoboa pia sikushauri, kwasababu huna sababu. Hiace ina ule mfereji wa maji unaopita pembeni ya paa, kulia na kushoto. Nenda kwa mchomeleaji akutengenezee keria ya kubana kwenye mfereji, miguu sita, mitatu kila upande, chuma cha boksi chepesi, kipakwe rangi ya kuzuia kutu vizuri mpaka ndani ya matundu. Paneli inafungwa kwenye keria kwa yale matundu ya kiwandani yaliyoko kwenye fremu, usitoboe mengine na usiguse kioo. Bolti na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu, nati zile zenye plastiki ndani ili zisifunguke kwa mtikisiko. Na sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Alumini ya fremu ikigusana na chuma cha keria halafu ikapata unyevu wa chumvi, alumini inaanza kuliwa inatoa unga mweupe, kwahiyo kati yao weka vipande vya mpira, hata tairi la ndani la baiskeli linafaa. Mkikaa siku nyingi Mikindani au Msimbati suuzeni kwa maji yasiyo na chumvi mkirudi.

Acha nafasi ya sentimita 4 au 5 kati ya paneli na paa, hewa ipite. Inapoza paneli, na kwenu nyie mnaolala humo ina faida nyingine ambayo watu hawaitegemei, paneli inakuwa kivuli cha paa, mtaona tofauti. Upande wa mbele ikae chini kuliko nyuma, tena weka kibati cha kukata upepo usiingie chini. Uzito wote, paneli na keria, hautafika uzito wa mtu mmoja mzima, kwahiyo paa halina neno, ila usije ukajaza tena na madumu na marobota juu, dumu likipiga kivuli kwenye paneli umeiua.

Hapo kwenye kivuli nimalizie kabisa. Seli za paneli zimeshikana mikono kwenye mstari, umeme unapita kwenye hii ndo uingie kwenye ile. Moja ikizibwa ni kama bomba limekanyagwa, maji ya nyuma yote yanasubiri. Kuna dayodi ndani zinazosaidia kuruka kipande kilichozibwa, lakini kwa kawaida kila dayodi inaruka theluthi nzima ya paneli. Kuti moja la mnazi likilalia pale vibaya umepoteza theluthi, au zaidi. Na sasa fikiria gulio lolote la huku: magari yote yako wapi? Chini ya mwembe! Na mko sahihi, juani mtapikika na shemeji na bidhaa. Huo ndo mgogoro wa kweli wa sola ya gari, jua linalotaka paneli ndo unalolikimbia wewe.

Njia niliyoiona inafaa ni hii. Hiyo paneli ya pili ya 330 iuze au badilishana, upate ndogo ya wati 100 au 120 ile ya seli 36, inatoa volti 18 hivi. Hiyo ibaki ndani ya gari, mkipaki kivulini unaitoa unaisimamisha juani kwa waya wa mita 8 au 10. Na ile kontrola yako ya PWM hapa ndo inapata kazi, kwasababu paneli ya volti 18 kwenye betri ya 12 haipotezi sana. MPPT kwa paneli ya juu, PWM kwa paneli ya chini, zote mbili zinaenda kwenye betri moja, hazigombani. Kitu ambacho usifanye ni kuziunga hizo paneli mbili pamoja kwenye kontrola moja, ile ya volti 18 itaishusha ya 37. Na mwizi wa gulioni unamjua, paneli ya chini ifunge mnyororo.

Betri. Betri ya gari hapana, hapana tena. Ndani yake ina sahani nyingi nyembamba, imetengenezwa kutoa ampia mamia kwa sekunde chache ipige stata, halafu alteneta inairudishia hapo hapo. Ukiinyonya polepole usiku kucha mpaka nusu, kila siku, zile sahani zinaota chumvi ya risasi ngumu, ndani ya miezi michache inakufa. Na siku itakayokufa gari haliwaki, mko katikati ya mikorosho ya Tandahimba, friji imezima na hamuwezi kuondoka. Lazima betri ya pili, ya ndani, isiyohusiana na stata.

Ya aina gani inategemea mfuko. Betri ya jeli ya ampia-saa 100, ambayo watu wanaiita tu ya ampia 100, kwa jina ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka ikae miaka usiipeleke chini ya nusu, kwahiyo una 600. Piga hesabu ya usiku wenu, toka saa 11 jioni mpaka saa 2 asubuhi: friji 300, feni 200, taa 40, simu 60, ni 600 kamili. Umeona? Kila asubuhi uko ukingoni, siku moja ya mawingu imekumaliza. Ingebidi jeli ya 200, na hiyo ni kilo zaidi ya 50. Lithiamu, ile ya LiFePO4, ampia 100 unatumia karibu yote, kama wati-saa 1,000 na ushee, ina kilo kumi na kitu tu. Bei ya kununua ni kubwa, ila kwa mtu anayeinyonya kila siku ya Mungu kama wewe nadhani inajilipa. Kama hela haijatimia anza na jeli mbili za 100, zote mpya, siku moja, aina moja, usichanganye kuukuu na mpya. Kwenye kontrola uchague aina ya betri uliyoweka, wengi wanasahau.

Ikae wapi? Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, pale ni jiko, betri isikae karibu napo. Iweke nyuma chini ya kitanda, ifungwe mkanda isiruke, na upande huo utobolewe matundu ya hewa. Betri zile za kuongeza maji usiziweke kabisa chini ya mnapolala, zikichaji zinatoa gesi inayowaka.

Sasa waya, na hapa ndo moto unapotokea. Volti 12 ni ndogo, kwahiyo kazi ile ile inabebwa kwa ampia nyingi, na ampia nyingi zinataka njia pana. Nimeshakuta friji imefungwa kwa waya wa spika wa milimita mraba 0.75. Betri nyuma, friji mbele, mita 4 kwenda na mita 4 kurudi, friji ikivuta ampia 5 unapoteza karibu volti nzima njiani, na ikiwa inaanza kuzunguka ni zaidi. Betri ina 12.4, friji inaona 11.4, inadhani betri imeisha, inajizima kujilinda. Mwenye gari akabadilisha betri mara mbili! Tatizo lilikuwa waya wa bei ya soda. Wewe friji ipe waya wa milimita mraba 6, uende moja kwa moja kwenye boksi la fyuzi, usipitie tundu la sigara. Kontrola ikae karibu na betri, chini ya mita moja, waya wa milimita mraba 10. Kutoka paneli kushuka chini 4 au 6 ya sola inatosha, ile yenye ganda la kuvumilia jua.

Fyuzi ya kwanza ikae kwenye chanya ya betri, isizidi kiganja kimoja kutoka kwenye nguzo. Watu wanadhani fyuzi inalinda friji. Inalinda waya. Betri hiyo waya ukichubuka ukagusa bodi inaweza kumwaga ampia mamia kwa mpigo, waya unakuwa mwekundu kama wa jiko la umeme, na juu yake kuna godoro na marobota ya vitenge. Kila waya unaotoka na fyuzi yake inayolingana na unene wake. Na msumari badala ya fyuzi, jamani, tusifikie huko.

Waya wa paneli uingie wapi bila kutoboa? Unaweza kuupitisha kwenye mpira wa mlango wa nyuma, ukiacha ushuke kwanza chini kidogo kabla ya kupanda kuingia, maji yadondokee pale kwenye bonde lake yasifuate waya ndani. Siku ya kuunga, betri ianze kwenye kontrola, paneli baadae, kutoa ni kinyume chake. Na paneli ikiwa juani iko hai muda wote haina swichi, ifunike blanketi zito ndo ushike waya.

Ile niliyosema nitairudia: alteneta. Weka chaja ya DC-DC ya ampia 20 kati ya betri ya gari na hii ya pili. Gari likiwaka inachaji, gari likizima inakata yenyewe, stata haiguswi. Mtwara mpaka Masasi kwa masaa 3 inakupa karibu wati-saa 780, hiyo ni karibu matumizi yenu ya siku nzima, mvua inyeshe isinyeshe. Kama hela ya vyote haipo kwa mpigo, mimi ningeanza na betri, friji, fyuzi na hii chaja, paneli ya juu ije baadae. Najua uliniuliza paneli. Ila nyie mnatembea karibu kila siku, alteneta yenu ni mtambo ambao mmeshaulipia.

Kuhusu insulini, mimi fundi siyo daktari, haya ni ya upande wangu tu. Isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8, na ikiganda inaharibika hata kama ukiiyeyusha inaonekana nzima. Hizi friji za boksi chini kabisa na pembeni zinagandisha, kwahiyo weka kipimajoto ndani, iseti kwenye 5, dawa ikae juu kwenye kikopo siyo kugusa ukuta. Feni na spika ziunge kwenye matundu ya matumizi ya kontrola (yameandikwa "load"), uiseti izikate kwanza betri ikishuka, friji iwe ya mwisho kukatwa. Na shemeji amuulize mfamasia au daktari wake kuhusu ile anayoitumia kila siku, inakaa nje kwa muda gani na kwa joto gani, na afanye nini siku friji ikikaa imezima usiku kucha. Sehemu ya dawa waiweke nyumbani au kwa ndugu Masasi, isiwe yote iko kwenye gari moja.

Kazi ya keria na kufunga paneli unaweza kusimamia mwenyewe. Kufunga betri, fyuzi na chaja ya alteneta mpe mtu aliyesomea, mwenye leseni ya EWURA, au kaulize VETA hapo Mtwara au Lindi wakuelekeze. Muulize swali moja tu, fyuzi ya kwanza utaiweka wapi na ya ampia ngapi, akikujibu "haina haja" mshukuru uondoke. Baada ya kufungwa mkitembea kilomita 100 za kwanza simameni mkaze nati zote, na ushike waya friji ikiwa inazunguka, ukiwa wa moto zima. Betri ikivimba, ikinuka, usiifungue, itoe nje ya gari umpigie simu fundi. Watu wa bima nao waambie umeongeza vitu juu ya gari, ni bora wajue leo kuliko siku ya ajali.

Vumbi la Newala la mwezi wa 8 na wa 9 lifute asubuhi kabla jua halijachoma, maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua.

Kabla hujanunua MPPT geuza hizo paneli, nyuma kuna lebo, isome volti za wazi (Voc, yaani volti za paneli ikiwa haijaungwa na kitu) na idadi ya seli. Kama ni seli 60 siyo 72 hesabu zangu za volti zinashuka, zinakuwa kama 31 mpaka 34, kontrola ni ile ile lakini nataka nijue. Piga picha ya lebo na ya huo mfereji wa paa, unitumie.